Uache sigara sasa au ungoje shida ipite? Njia nne za kuchagua siku

"Nikishafunga mahesabu, naacha." Maneno hayo niliyasema miaka minne mfululizo. Natunza vitabu vya mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na kila Juni, ritani za mapato zinapodaiwa, nilikuwa navuta mpaka vidole vinageuka manjano. Mahesabu yakafungwa. Ikaja harusi ya mdogo wangu, na vikao na michango yake. Ikaja Januari na ada za shule. Kisha mzee akalazwa. Ile wiki tulivu niliyokuwa naingojea, kila nikiikaribia, naikuta imesogea mbele.

Haya nawaandikia waliokwama hapo hapo. Umeshaamua kuacha, mahubiri ya mapafu umeyasikia ya kutosha, kinachokushinda ni siku. Kazini kunawaka, au nyumbani kuna mgonjwa, au biashara imekata. Je, uache leo leo, upange tarehe ya mbele, upunguze kidogo kidogo, au ungoje hali itulie? Njia zote nne nimezipitia mwenyewe au nimewaona watu wangu wa karibu wakizipitia, na kila moja nimeona ikimfikisha mtu na ikimwangusha mwingine.

Tupimie nini

Kigezo ninachokipa uzito kuliko vyote ni hiki: shida yako ina tarehe au haina? Mtihani, mahesabu, harusi, kuhama nyumba, vyote hivyo vina siku ya mwisho iliyoandikwa mahali. Ugonjwa wa mzazi, madeni, ndoa inayoyumba, kukosa kazi, hivyo havina. Watu wengi, na mimi nilikuwamo, tunaongelea shida isiyo na tarehe kana kwamba inayo.

Cha pili ni arosto, yaani mateso ya mwili na akili unapokosa nikotini, itaangukia wapi. Nikotini inafika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya pafu, na baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Ukiacha, arosto inaanza siku hiyo hiyo, inapanda kileleni siku ya pili na ya tatu, halafu inalegea. Ndani ya wiki mbili hadi nne sehemu kubwa imekwisha, ingawa njaa inaweza kukaa zaidi. Hasira za karibu, usingizi wa kukatika katika, akili kukataa kutulia kwenye jambo moja. Kwa hiyo unapochagua siku, kwa kweli unachagua hizo siku tatu mbaya uziweke wapi.

Cha tatu, nani yuko mikononi mwako siku hizo. Karani akikosea jumla atarudia. Dereva wa basi la mkoani au fundi wa msumeno wa umeme harudii.

Halafu kuna mfuko, na kuna swali ambalo watu hulisahau: ukiteleza, njia hiyo inakurudisha vipi barabarani?

Jambo moja kabla hatujaanza, maana bila hilo njia ya nne itaonekana tamu kuliko ilivyo. Tunasema sigara inatuliza. Ni kweli inatuliza, lakini sehemu kubwa ya kinachotulizwa ni arosto ya sigara iliyotangulia. Mwaka 2014 BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, lilichapisha mapitio ya tafiti 26 zilizofuatilia watu kabla na baada ya kuacha. Walioacha walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta. Mimi hilo sikuliamini mpaka nilipochukua daftari, siku moja ya Jumatano, nikaandika kila sigara na saa yake na kilichotangulia. Zilikuwa 14. Zilizofuata tatizo la kweli, mteja mkorofi au simu ya hospitalini, ni tatu. Zilizobaki: chai, baada ya kula, kungojea daladala, chai tena, kutoka chooni, mtu fulani kaniomba kiberiti.

Njia ya kwanza: kuacha leo, moto ukiwaka

Inavyokwenda. Unavuta ya mwisho, pakiti unaitumbukiza kwenye ndoo ya maji (jalalani utaifuata usiku, usijidanganye), basi. Watu huidharau njia hii kama ya pupa. Lakini uchunguzi mmoja wa Uingereza, uliotoka BMJ mwaka 2006, uliona kwamba karibu nusu ya majaribio ya kuacha yalifanyika bila mpango wowote, na hayo ya ghafla ndiyo yaliyodumu zaidi: 65 kati ya 100 yalifika miezi sita, dhidi ya 42 kwa yaliyopangwa. Usiichukue kama hukumu. Walioulizwa walikuwa wanasimulia yaliyopita, na anayeamka asubuhi akaacha huenda alikuwa ameiva muda mrefu bila kujijua. Ila inatosha kumnyamazisha anayesema bila maandalizi haiwezekani.

Arosto inaangukia popote pale shida ilipo, na hiyo ndiyo bei yake. Rafiki yangu dereva wa daladala aliacha wiki ambayo hesabu ya tajiri ilikuwa haitimii na gari lina faini. Siku ya pili na ya tatu alimwachia deiwaka usukani, akakaa nyumbani anatafuna karafuu na kugombana na redio. Alipoteza posho ya siku mbili. Hajavuta tena mpaka leo.

Mfukoni, ndiyo njia inayolipa haraka kuliko zote. Chukua mfano wa sigara moja kwa shilingi 300, kumi kwa siku: ni 3,000 jioni, 90,000 kwa mwezi. Weka bei ya duka lako mwenyewe. Kwa mtu ambaye shida yake ni pesa, hiyo si habari ndogo.

Inapokatika. Mimi ilinikatikia wodini. Mzee alikuwa na siku ya sita amelazwa, mimi siku ya tatu bila sigara, nimekaa kwenye benchi la korido na chupa ya uji imeshapoa mapajani. Muuguzi akaniambia ningoje nje. Neno la kawaida kabisa, analisema mara hamsini kwa siku. Nilitoka, nikavuka barabara, nikamwambia muuza maji aniwashie moja. Kilichoniangusha zaidi ni kwamba baada ya ile moja nilinunua pakiti, kwa sababu sikuwa na mpango wa nini kifuate. Njia hii haina ngazi ya kurudia. Lazima ujitengenezee mapema kanuni yako, kwamba pafu moja ni pafu moja na siku inaendelea.

Inamfaa mwenye shida isiyo na tarehe, ambaye siku mbili tatu anaweza kushikiwa nafasi. Inamfaa pia aliyepata mshtuko wa kiafya na bado hofu ni ya moto. Msibani, kwa uzoefu wangu, ni pagumu mno: usiku chini ya turubai, wanaume kwenye majamvi, pakiti inazunguka kutoka mkono hadi mkono, na kukataa kunaonekana kama kujitenga. Kama unaweza, subiri matanga yaanuliwe.

Njia ya pili: kupanga tarehe

Inavyokwenda. Unachagua siku, si mbali. Wiki mbili zinatosha, mwezi ni mwisho. Kabla yake unawaambia watu wa nyumbani na mmoja wa kazini, unaondoa viberiti na vyombo vya majivu, unafua mashati na mapazia yanayonuka.

Arosto hapa unaipangia kiti. Ukivuta ya mwisho Alhamisi usiku, siku ya pili na ya tatu ni Jumamosi na Jumapili. Ukikasirika utawakasirikia walio wako. Lakini kama Jumamosi ndiyo siku yako ya baa, geuza: maliza Jumapili usiku, kilele kikukute Jumanne na Jumatano, kazini, mahali ambapo kuvuta kuna vizuizi.

Ndiyo njia inayowapisha wataalamu pia. Kuna vidonge viwili vya kusaidia kuacha: varenicline kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha, na bupropion wiki moja hadi mbili, zote kwa kuandikiwa na daktari. Vibandiko vya ngozi na bigijii za nikotini huanza siku yenyewe. Shirika la Afya Duniani liliviweka vibandiko na bigijii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, na varenicline na bupropion mwaka 2021. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye rafu. Ulizia maduka makubwa ya dawa mjini kabla hujatangaza siku, na ujiandae kwa bei. Ndiyo sababu mfukoni njia hii huweza kuanza kwa kutoa kabla ya kuingiza.

Kuna tarehe zilizokwisha kupangwa na watu wengine. Mfungaji wa Ramadhani huku kwetu karibu na ikweta anakaa saa 13 hivi bila pafu, siku kama 30, na bado anafanya kazi na kulea watoto. Mwili umeshathibitisha kwamba mchana unawezekana. Mtego uko baada ya futari: wapo wanaovuta kati ya magharibi na daku sigara zote za mchana. Kwa hiyo anayetaka kuitumia Ramadhani aanze na usiku. Kwaresima nayo ni siku 40, na tarehe 31 Mei ni Siku ya Kutovuta Tumbaku Duniani, kwa anayependa kuacha pamoja na wenzake.

Inapokatika ni pale tarehe inapohama. Kanuni niliyojiwekea, na ndiyo iliyonivusha: tarehe inaweza kuhama mara moja tu, na isogezwe na kitu ambacho chenyewe kina tarehe. Ritani ilinisogeza. Mara ya pili mdogo wangu aliposema gari la harusi limeharibika, nikamwambia pole, na sikuwasha.

Ukiteleza kwenye njia hii unarudi kirahisi kiasi, kwa kuwa walioambiwa watakuuliza. Wengine hiyo ndiyo inayowaudhi. Inamfaa mwenye shida yenye tarehe, mwenye kazi ya hatari inayohitaji likizo ya siku chache, na yeyote anayehitaji dawa.

Njia ya tatu: kupunguza mpaka siku ya mwisho

Nianze na utafiti, kwa sababu hapa watu wanabishana sana. Mwaka 2016 jaribio la Uingereza liliwagawa wavutaji 697: wengine waache kwa mkupuo, wengine wapunguze kwa wiki mbili kisha waache. Baada ya wiki nne, wa mkupuo waliokuwa bado hawajavuta walikuwa 49 kati ya 100, waliopunguza 39. Lakini mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio mengi, hayakuona tofauti ya wazi kati ya njia hizo mbili. Kwa hiyo anayekwambia kupunguza hakufai, na anayekwambia ndiyo njia ya wenye akili, wote wanazidisha.

Inavyokwenda vizuri ni kwa saa kuliko kwa idadi. Jirani yangu fundi seremala alikuwa anaanza saa kumi na mbili asubuhi kabla hajanawa. Wiki ya kwanza akaisogeza sigara ya kwanza mpaka saa mbili, wiki ya pili saa nne, ya tatu saa saba baada ya chakula. Pakiti aliiacha kwa mangi wa dukani, akawa anakwenda kuchukua moja moja, mangi akajipa ukali, "Saa bado, fundi." Kutembea hadi dukani kwenye jua kwa ajili ya sigara moja kulimchosha kuliko nasaha zetu zote.

Arosto inakuja kwa mikupuo midogo, imetawanyika. Kwa anayeshika msumeno hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mwenye shida kichwani inaweza kuwa mateso marefu, maana wiki tatu nzima unawaza sigara kila saa.

Mitego yake ni miwili. Kwanza, zikipungua unavuta kwa nguvu, unashikilia moshi, unafika kwenye kichungi. Pili, unaweza kufika tatu kwa siku ukaona umefika. Hujafika. Uchambuzi uliochapishwa na BMJ mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayevuta moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mvuta ishirini. Hii ya tatu bila siku ya mwisho iliyoandikwa ni njia ya nne iliyovaa kanzu.

Inamfaa aliyejaribu mkupuo mara kadhaa akaanguka siku ya tatu, na asiyeweza kabisa kuacha kazi siku hata mbili. Ukiteleza, unarudi kwenye saa ya wiki iliyopita, na hiyo kwa kweli ni faraja.

Njia ya nne: kungoja shida ipite

Watu huisema vibaya, na mimi nimeshaitania, lakini ina nyakati zake za haki. Una mtihani wa bodi baada ya siku tisa. Una safari ya lori mpaka Tunduma na kurudi. Uko katikati ya mfadhaiko mzito, hulali, umeanza kufikiria kujidhuru: tafuta tiba ya hilo kwanza leo hii, na suala la sigara ulipange pamoja na daktari huyo huyo.

Arosto hapa haipo, au tuseme ipo ile ya kila siku, ya kati ya sigara na sigara, ambayo umeizoea hata huioni. Mfukoni unaendelea kulipa. Kwa mfano wetu wa juu, kungoja miezi mitatu ni 270,000. Na kwa kuwa wakati wa shida watu huvuta zaidi, hesabu halisi huwa juu ya hapo.

Inapokatika ni pale shida isiyo na tarehe inapopewa jina la muda. "Mambo yakikaa sawa." Ukiamua kungoja, ngoja kwa kazi: usivute ndani ya nyumba, usiongeze idadi, andika daftari la siku moja kama langu, na uandike siku ambayo utajiuliza tena.

Haimfai mjamzito, aliyetoka kupata shambulio la moyo, wala aliye kwenye dawa za kifua kikuu. Wala haimfai anayengoja upasuaji. Shirika la Afya Duniani linashauri kuacha angalau wiki nne kabla, kwa kuwa kidonda na mapafu vinapona kwa matatizo machache zaidi. Bahati nzuri huyo tarehe ameshapewa na hospitali. Ahesabu kurudi nyuma.

Hali kwa hali

Mwanafunzi au karani mwenye siku ya mwisho ndani ya mwezi: panga tarehe siku ya pili baada ya hapo, isiwe usiku wa sherehe ya kumaliza, kwa sababu usiku huo utazungukwa na chupa na moshi.

Unayeuguza mtu wa muda mrefu: kungoja hakuna mwisho, kwa hiyo ni njia ya kwanza au ya tatu. Ningekuwa mimi tena kwenye lile benchi, ningemwomba dada yangu ashike zamu za siku ya pili na ya tatu, na ningekuwa na bigijii mfukoni.

Aliyepoteza kazi: fikiria kuacha sasa. Pesa inakudai, na kwa bahati mbaya muda unao. Hatari yako ni kijiweni mchana, kwenye bao na sigara ya kuombwa.

Dereva, fundi wa mashine, mlinzi wa usiku: omba siku mbili au punguza kwa saa. Usianze siku ya zamu ndefu.

Mwenye maradhi ya akili anayetumia dawa: njia yoyote, ila mwambie daktari kabla, maana moshi wa sigara huharakisha mwili kuondoa baadhi ya dawa, kama clozapine na olanzapine. Ukiacha, dozi ile ile inaweza kuwa kubwa kwako. Ukiwa Kenya na unataka mtu wa kuongea naye kuhusu uraibu, namba ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo.

Na wanywaji wa kahawa, nyinyi ndio wengi barazani: moshi huo huo huharakisha pia kuondoka kwa kafeini. Ukiacha sigara ukaendelea na vikombe vinane vya kahawa chungu, itakaa mwilini zaidi, utatetemeka na kukosa usingizi, halafu utasema ni arosto. Punguza nusu. Mimi wiki ya kwanza nililaumu sigara kwa kosa la kahawa, mpaka muuza kahawa mwenyewe ndiye akaniuliza mbona mkono unacheza.

Kama umesoma mpaka hapa na sigara iko mkononi, imalizie. Kisha andika mahali saa uliyoiwasha na kilichokufanya uiwashe.